Kisu kwa Zamu Yake

Hoja: Kijana wa kiume aliyeota matiti kwa hitilafu ya homoni, yakakaa miaka bila kurudi, afanyiwe upasuaji.

Mto Ewaso Ng'iro hupita Sericho, mashariki mwa Kaunti ya Isiolo, kabla ya kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Hii ni nchi ya Waborana wa Waso na majirani zao Wasomali, nchi ya ngamia na mbuzi. Mto ukikauka, visima huchimbwa kwa mkono mchangani, na kunywesha mifugo huwa kazi ya wanaume kadhaa: mmoja chini majini, mwingine juu yake, wa tatu ukingoni, ndoo inapita mkono kwa mkono na wimbo unafuata mwendo wa ndoo. Jua likipanda, mashati huvuliwa. Mahali kama hapa mwanamume aliyeota matiti hana pa kujificha, na anayebaki na shati lake huulizwa ana nini.

Madaktari huiita hali hii jinekomastia, yaani kukua kwa tezi ya titi kwa mwanamume. Si jambo la nadra, ila ni jambo linalosemwa kwa kunong'ona, na penye minong'ono mgonjwa huchelewa kutibiwa. Nimelileta barazani kwa sababu hiyo. Sauti zinazozungumza hapa nimezibuni ili kila hoja ipate mtetezi wake. Habari za tiba, za historia na za dini zinazotajwa si za kubuni.

KIJANA: Nina miaka 20. Yalianza nikiwa darasa la saba. Palitokea uvimbe mgumu chini ya chuchu, ukawa unauma hata shati likigusa. Mama aliniambia ni kukua, yataisha. Wenzangu yaliisha, yangu yakabaki. Mpira wa jioni hapa kwetu hauna jezi: timu moja hucheza na mashati, nyingine huvua. Nikipangwa kwenye timu ya kuvua nasema mguu unauma. Shuleni bwenini nilikuwa naamka saa tisa usiku nikaoge peke yangu. Joto hili lote mnalolijua, mimi navaa fulana ya kubana ndani na shati juu yake. Sitafuti uzuri. Natafuta kifua cha mwanamume, nifanye kazi na wenzangu bila kujikunyata. Naomba yakatwe.

HAJI: Mjukuu wangu, nimekusikia, na atakayekucheka mbele yangu nitamkemea. Lakini nisikilize na mimi. Hapa misimu 5 ya mvua ilikosa mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Tulizika mali yetu. Ngamia aliyebaki ndiye maziwa ya watoto. Umuuze upate nauli ya kufika Isiolo mjini, kisha zaidi ya kilomita 250 hadi Nairobi, ulale huko, ulipe daktari, urudi na kovu? Mwili wako hauna homa wala kidonda. Unaenda kuukatisha kwa ajili ya macho ya watu. Mimi naona anayestahili kurekebishwa ni yule anayecheka.

TABIBU: Haji, maneno yako yana uzito, na nitayarudia. Ila naona nyote wawili mmerukia kisu kabla hatujajua matiti yametoka wapi. Mwili wa kila mwanamume una homoni za jinsia za aina mbili: testosteroni, inayojenga ndevu, sauti na misuli, na estrojeni kidogo, ile inayokuza matiti kwa wanawake. Kifua cha mwanamume hukaa bapa maadamu mizani ya hizo mbili imelalia upande wa testosteroni. Testosteroni ikipungua, au estrojeni ikizidi, au dawa fulani ikaingilia kati, tezi iliyolala chini ya chuchu huamka.

Kuna nyakati 3 za maisha ambapo huamka bila ugonjwa wowote. Ya kwanza ni uchanga, kwa homoni alizopata mtoto tumboni kwa mama. Na hapa nawaomba kina mama: msikamue matiti ya mtoto mchanga. Huisha yenyewe kwa wiki chache, na kukamua huleta jipu. Ya pili ni kubalehe. Karibu nusu ya wavulana, na katika tafiti nyingine zaidi ya nusu, huota kiasi fulani, na wengi hurudi bapa ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Ya tatu ni uzee, testosteroni inaposhuka na mafuta ya mwili kuongezeka, kwa kuwa mafuta hugeuza testosteroni kuwa estrojeni. Mvulana wa miaka 14 akija kwangu, dawa yake kubwa ni kuelezwa na kusubiri. Huyu wa miaka 20, ambaye yamekaa tangu darasa la saba, ni habari nyingine.

MAMA: Ukimpokea kituoni unamfanya nini? Maana mwanangu amekaa miaka yote hii akiogopa hata kuingia mlangoni.

TABIBU: Nafunga mlango kwanza, mama. Kisha namlaza chali, mikono nyuma ya kichwa. Naweka kidole gumba upande mmoja wa titi na cha shahada upande wa pili, navisogeza polepole kuelekea chuchu. Kama ni tezi, vidole hukutana na kisahani kigumu kinachonesanesa, kimekaa sawasawa chini ya chuchu. Kama ni mafuta matupu, vidole hufika kwenye chuchu bila kuzuiwa na kitu. Nikikuta uvimbe umekaa pembeni, mgumu, umeshikana na ngozi, au chuchu imevutwa ndani au inatoa damu, au kuna tezi iliyovimba kwapani, siendi mbali zaidi. Naandika rufaa siku hiyo hiyo, kwa sababu wanaume nao hupata saratani ya matiti. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani hiyo, mmoja hivi ni mwanamume. Nikimaliza kifua, nakagua korodani.

MAMA: Korodani? Mtoto amekuja na kifua.

TABIBU: Ndiyo, mama, na hapo ndipo aibu inaweza kuua. Kuna uvimbe wa korodani ambao dalili yake ya kwanza kuonekana ni matiti. Si mwingi, lakini ukipatikana mapema hutibika, na ukiachwa husambaa. Pia kuna wavulana waliozaliwa na kromosomu moja ya X ya ziada. Daktari Harry Klinefelter aliieleza hali yao kule Boston mwaka 1942, na mwaka 1959 watafiti wa Edinburgh wakaigundua hiyo kromosomu yenyewe. Huonekana kwa takriban mvulana 1 kati ya 600. Korodani zao ni ndogo na ngumu, testosteroni ni haba, na wengi hawajijui mpaka waoe na wakose mtoto. Hawa hatari yao ya saratani ya titi ni kubwa kuliko ya wanaume wengine. Je, mtu wa namna hiyo tumkate kifua, tumrudishe nyumbani bila kumwambia ana nini?

Halafu nauliza dawa anazotumia. Spironolaktoni ya moyo na ini huleta matiti. Ketokonazoli ya vidonge pia, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Efavirenzi, iliyotumiwa sana kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi kabla dolutegraviri haijachukua nafasi yake, iliwaletea wanaume kadhaa. Sindano za kujaza misuli nazo. Mtu asiache dawa kwa uamuzi wake, aje tumbadilishie. Mwisho nachukua damu: ini, figo, tezi ya shingo, testosteroni, estrojeni na prolaktini. Vingine havipimwi hapa Sericho. Sampuli au mgonjwa itabidi asafiri. Na hata baada ya vipimo vyote, kwa takriban robo ya wanaofika hospitalini sababu haipatikani.

HAJI: Na njaa? Maana baada ya ukame nimeona vijana waliorudi kula vizuri wakalalamika kifua.

TABIBU: Umeona kitu cha kweli, Haji. Mwili wenye njaa kali huzima homoni za uzazi ili uokoe nguvu. Chakula kikirudi, homoni huwashwa upya, na mtu hupita kipindi kinachofanana na kubalehe mara ya pili. Madaktari waliliona hili kwa mateka wa Vita Kuu ya Pili walipotolewa kambini na kuanza kula. Kwa kawaida huisha lenyewe. Hapa Afrika Mashariki, daktari J. N. P. Davies wa Mulago, Kampala, aliandika katika jarida la British Medical Journal mwaka 1949 kuhusu kuvurugika kwa homoni za jinsia kwa Waafrika, akihusisha matiti ya wanaume na kuharibika kwa ini. Ini ndilo linaloondoa estrojeni mwilini. Likichakaa kwa lishe duni, kwa pombe au kwa homa ya ini, estrojeni hubaki na kurundikana. Kwa hiyo ukiona kifua cha mwanamume kimebadilika katika nchi ya ukame, uliza pia habari ya ini na ya chakula.

MAALIM: Niruhusuni niingie, kwa sababu wapo watakaouliza mlango wa dini. Kubadili maumbile kwa kutafuta urembo kumekatazwa. Kutibu kasoro ni jambo lingine. Imepokewa kwamba sahaba Arfaja bin As'ad alipoteza pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwelekeza aweke ya dhahabu. Hilo ni tendo la kurudisha umbo, na wanazuoni wamelijengea hukumu. Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, likapitisha azimio nambari 173 kuhusu upasuaji wa kurekebisha umbo. Upasuaji wa kuondoa kasoro inayomdhuru mtu mwilini au moyoni unaruhusiwa, kwa masharti: madhara yasizidi manufaa, mganga awe mjuzi mwenye sifa, na mgonjwa aridhie.

Wala si jambo lililoletwa na Wazungu juzi. Paulo wa Aegina aliuandika upasuaji huu karne ya 7. Kisha Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu mwaka 1013, akaueleza katika kitabu chake cha Tasrif: chana ngozi kwa umbo la mwezi mwandamo, ondoa kilichozidi, ushone. Waislamu walikuwa wakiwatibu wanaume wa hali hii miaka 1000 iliyopita. Haji, anayesema kijana huyu akipasuliwa atakuwa amemkosoa Mola wake, amesema asilolijua.

HAJI: Maalim, hapo nimenyamaza. Nilidhani dini iko upande wangu. Lakini fedha na hatari bado ziko upande wangu.

DAKTARI MPASUAJI: Basi nianze na hatari, Haji, bila kuficha. Kwanza nieleze ni nani simpasui. Simpasui mvulana wa miaka 14. Simpasui mtu ambaye dawa anayotumia ndiyo chanzo na inaweza kubadilishwa. Simpasui mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo kabla haujatulia. Kama uvimbe bado ni mpya na unauma, kidonge cha tamoksifeni kwa miezi michache kinaweza kuupunguza. Lakini ukipita mwaka mmoja hivi, tezi hugeuka nyuzi ngumu, na hapo dawa hufanya kazi kidogo sana. Hata yule mwenye kromosomu ya ziada, tukimpa testosteroni itamsaidia mifupa, nguvu na damu, ila matiti yaliyokwisha kukomaa kwa kawaida hayaondoki. Kwa mwenye tezi iliyogeuka nyuzi na kwa mwenye kromosomu ya ziada, kisu si anasa. Ndiyo tiba iliyobaki.

Kazi yenyewe iko hivi. Mgonjwa amesimama, namchora kifua kwa kalamu, kwa sababu akilala umbo hubadilika. Analazwa kwa dawa ya usingizi. Nachana nusu duara kwenye ukingo wa chini wa duara jeusi la chuchu, pale rangi mbili za ngozi zinapokutana, ili kovu lipotee kwenye mpaka huo. Njia hii iliandikwa na Webster mwaka 1946 na bado inatumika. Nikiinua ngozi nakuta tezi: nyeupe, ngumu, inavutika, tofauti kabisa na mafuta ya njano yaliyoizunguka. Naitenga taratibu na msuli wa kifua, lakini nabakiza kipande chembamba chini ya chuchu. Nikitoa yote, chuchu hudidimia na kuacha shimo ambalo ni gumu kulirekebisha. Mafuta ya pembeni nayafyonza kwa mrija. Ngozi ikiwa imening'inia sana, nitalazimika kuipunguza, na kovu huwa refu zaidi. Tezi haitupwi. Inapelekwa maabara ya patholojia ikachunguzwe, tujue haina saratani.

Kwa kawaida ni saa 1 hadi 2, na wengi hulala nyumbani siku hiyo au kesho yake. Tatizo la kawaida zaidi ni damu kujikusanya chini ya ngozi, na ikiwa nyingi mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji. Mengine ni maji kujikusanya, ganzi kwenye chuchu, pande mbili kutolingana, na usaha. Fulana ya kubana itavaliwa wiki 4 hadi 6, na muda huo hakuna kuinua ndoo kisimani wala kumfunga ngamia mkaidi. Na chanzo kisipotibiwa, tezi inaweza kukua tena.

MAMA: Oktoba 2024 tulisikia redioni habari ya mwanamke aliyekufa baada ya kufyonzwa mafuta kwenye kliniki moja Nairobi. Mimi nimempeleka mwanangu kwa mtu wa moto, akamchoma alama 4 kifuani, hayakupungua. Sasa nimpeleke kwenye kifo?

DAKTARI MPASUAJI: Mama, uchungu wako ni wa haki. Moto huunguza ngozi, haufiki kwenye tezi, na makovu yale hunipa mimi kazi ngumu zaidi baadaye. Kuhusu kliniki, hofu yako igeuze iwe maswali. Daktari huyu amesajiliwa na Baraza la Madaktari, KMPDC, na kwa fani gani? Nani atampa mwanangu dawa ya usingizi, na atakaa naye mpaka aamke? Hospitali ina damu na chumba cha wagonjwa mahututi? Anayekasirika akiulizwa hayo, ondoka. Na si lazima kila kesi ifike Nairobi. Titi dogo lisilo na ngozi iliyozidi huweza kutolewa na daktari wa upasuaji wa kawaida katika hospitali ya rufaa ya kaunti, akiwa na mtaalamu wa usingizi na mahali pa kupeleka sampuli.

HAJI: Gharama?

DAKTARI MPASUAJI: Hapo nakubaliana nawe kwamba maskini anaonewa. Hata Uingereza, huduma ya afya ya taifa, NHS, kwa kawaida haiugharimii upasuaji huu, kwa kuuhesabu kama urembo. Mimi nasema tuutenganishe. Mtu mwenye majibu ya maabara, mwenye tezi iliyokaa miaka, mwenye maumivu, huyo si mteja wa urembo.

KIJANA: Haji, babu yangu, naomba nijibu lile lako la kwanza, kwamba naenda kukatwa kwa ajili ya macho ya watu. Nimelifikiria. Hata nikichunga peke yangu siku nzima, hakuna jicho ila la ngamia, bado najikunyata. Mabega yangu yamezoea kuinama. Mkemee anayecheka, nakushukuru. Lakini ukimkemea mpaka anyamaze, tezi itabaki na maumivu yatabaki.

HAJI: Basi nenda kapimwe kwanza. Wakikwambia ni ugonjwa wa kukaa, nitakaa na wazee tuone la kufanya. Ila usiende kwa kificho. Mtu wa kwetu hapasuliwi bila jamaa kujua.

Hapa naingia mwenyewe, kwa sababu mwandishi wa mjadala ana wajibu wa kusema amesimama upande gani. Naiunga mkono hoja, kwa sharti moja lisilojadiliwa: kisu kije mwisho wa njia. Haji alikuwa sahihi kwamba kicheko cha watu si sababu ya kumkata mtu. Angekuwa sahihi hata kama tiba ingekuwa bure. Kijana naye alikuwa sahihi kwamba kunyamaza kwa wachekaji hakuponyi tezi. Aliyewaunganisha ni tabibu, aliyekataa kuliona titi peke yake na akauliza habari ya korodani, ini, dawa na chakula. Mwanamume anayekimbilia kupasuliwa bila kupimwa anaweza kuondoa dalili akabaki na ugonjwa. Mwanamume anayejificha miaka 10 chini ya fulana mbili yuko katika hatari hiyo hiyo.

Kwa hiyo nayadai mambo matatu. La kwanza ni katika Kituo cha Afya cha Sericho na Hospitali ya Garbatulla: kijana yeyote anayekuja na kifua akaguliwe korodani, aandikiwe vipimo, na apewe rufaa yenye maelezo, si karatasi tupu. Ukaguzi wenyewe ni vidole viwili na mlango uliofungwa, haugharimu ngamia. La pili ni kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024: kesi hizi zihukumiwe kwa majibu ya maabara na muda ambao tezi imekaa, wala lisitafutwe neno urembo la kumfungia mtu mlango. Mwanachama wa Sericho anachangia mfuko uleule anaochangia wa Nairobi. La tatu ni kwa madrasa na shule: wavulana waambiwe, kabla hawajabalehe, kwamba kifua kinaweza kuvimba na kwa wengi kitarudi, na kwamba kisiporudi kwa miaka 2 kuna tabibu wa kumwona. Mwalimu akilisema hilo mara moja kwa mwaka darasani, vijana wengi watafika kliniki wakiwa na miaka 16 badala ya 26, wakati uvimbe wa korodani, kama upo, bado unatibika.

Upasuaji huu uliruhusiwa na wanazuoni, umeandikwa na matabibu kwa zaidi ya miaka 1000, na ukifanywa na mwenye ujuzi kwa mgonjwa aliyepimwa, humrudisha mtu kwenye kazi na jamaa zake. Kumnyima kijana kwa sababu tu anatoka mbali ni dhuluma. Kumpa kabla ya kumpima ni dhuluma pia. Sericho ina haki ya kudai vyote viwili kwa pamoja, kipimo na tiba, na kuvidai kwa sauti, maana tumewaacha vijana wetu walibebe peke yao jambo ambalo kituo cha afya kipo kwa ajili yake.